Mashine Iliyoizoea Bahari

Kila asubuhi, kabla hajawasha jenereta, Eliakunda alikuwa na jambo lake. Alifungua koki ndogo kwenye bomba la kisima, akakinga matone mawili kwa kidole, akayaweka kwenye ncha ya ulimi. Hakumeza. Alifumba macho kidogo, kama mtu anayetafuta jina lililompotea, kisha akatema upande wa kushoto. Daima kushoto. Pale alipotemea pakawa na doa jeupe la chumvi, ukubwa wa kisahani. Ndipo akafuta kidole kwenye kanga na kushika mpini wa kuwashia.

Watu wa Mgungani walishamzoea. Salama, ambaye kila siku alikuwa wa kwanza kwenye foleni na madumu yake manne ya njano, alimtania kwamba yeye, Mama Agape wao, anaonja mchuzi usioiva mwaka wa nne huu. Eliakunda alimjibu kwamba mchuzi usioonjwa jikoni huaibisha mezani. Wakacheka wote wawili, na siku ikaanza.

Mgungani ni kijiji cha tambarare, chini ya barabara kuu, ukishaiacha Same mjini. Milima ya Upare iko hapo hapo mbele ya macho, ungesema ukimwita mtu wa juu ataitika. Lakini maji ya mlimani hayafiki. Yananywewa na mashamba ya tangawizi na migomba huko huko juu, na yanayobaki yanapotelea mchangani. Mgungani wana kisima kirefu, na kisima kina chumvi. Sabuni haitoi povu. Chai ukiitia sukari vijiko vitano bado inakukatalia. Watoto wanaota meno ya utu uzima yakiwa tayari na rangi ya kahawia.

Basi mashine ilipoletwa, watu waliipokea kwa vigelegele. Ilikuja juu ya lori kutoka pwani. Huko ilikuwa ya hoteli, ikiyafanya maji ya bahari kuwa matamu ili wageni waoge na kunywa. Hoteli ilipopata mpya, shirika moja likaiomba hiyo ya zamani na kuileta Mgungani. Ilikuwa na mapipa meupe marefu mawili yaliyolazwa kama magogo, na ndani yake machujio membamba mno, maji yanapita na chumvi inabaki. Ila maji hayapiti kwa hiari. Lazima yasukumwe kwa nguvu. Kwa hiyo kulikuwa na pampu, na mota ya kuizungusha pampu, na jenereta la kuilisha mota. Kwenye kioo cha geji ya presha, fundi aliyekuja nayo alionyesha mstari mwekundu uliochorwa huko huko ilikotoka. Akasema sindano iguse pale, isipungue hata kidogo. Kisha akaondoka na lori lake, na hakuonekana tena.

Eliakunda alipewa jenereta. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mjane, mzaliwa wa Mhezi kule juu karibu na Chome, aliyeteremka tambarare kwa ndoa. Mumewe alipofariki aliendesha mashine ya kusaga ya kijiji kwa miaka tisa, mpaka ilipokufa nayo. Injini aliijua kwa sikio. Akiwa amekaa nje anachambua maharage ya makande, aliweza kusema kwamba mkanda umelegea, na ukienda kutazama utakuta umelegea kweli.

Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba jenereta linakula kupita kiasi. Liliunguruma kama ng'ombe anayevuta plau kwenye udongo mkavu. Dumu moja la dizeli lilitoa mapipa sita ya maji matamu. Sita tu. Juu ya paa kulikuwa na paneli za sola, lakini zile zilitosha kupandisha maji kutoka kisimani basi. Siku moja walijaribu kuziunganisha na mashine, inveta, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa jua, ikalia kama mtoto na kujizima.

Kisha barua ikaja.

Swalehe aliisoma mkutanoni. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mwenye duka la kona, mtu mzima mwenye kofia nyeupe na sauti ya taratibu. Aliisoma mara mbili ili asije akaambiwa amekosea. Shirika lilisema haliwezi tena kuleta dizeli ya namna ile. Kama mpaka mvua za vuli dumu moja halitoi mapipa kumi na mawili, mashine itachukuliwa ipelekwe penye umeme. Mtu akauliza itapelekwa wapi. Swalehe akakunja karatasi na kusema, pwani, huko huko ilikotoka.

Salama aliyatazama madumu yake. Eliakunda alitazama mikono yake mwenyewe, maana yeye ndiye aliyekuwa akilimwaga lile dumu kila siku, na aliona kama barua imeandikwa kwake.

Wiki ile ile kaka yake Aminieli alimpigia simu kutoka Mhezi. Ukuta wa ndiva ya baba umebomoka upande wa chini, alisema, na tangu mzee afe hakuna anayejua kuufunga vizuri. Arudi awaonyeshe. Eliakunda alimwambia atakwenda, lakini si sasa. Akimaliza huku.

Ila simu ile ilimwachia kitu kichwani. Ndiva. Baba yake, Loth, alikuwa mtunzaji wa ndiva ya ukoo wao. Ni bwawa dogo lililochimbwa ubavuni mwa mlima, kuta za mawe na udongo mfinyanzi. Kijito kinaingia usiku kucha, maji yanalala, asubuhi linafunguliwa na kila shamba linapata zamu yake. Loth alipenda kusema kwamba maji yaliyolala yana akili. Alimaanisha tope linakuwa limekwenda chini na maji ya juu ni safi. Na Eliakunda alijua kwamba kisima cha Mgungani kinatoa mchanga mwekundu mwembamba unaoziba machujio, na kusukuma maji kwenye chujio lililoziba ni kumwaga dizeli bure.

Akaiambia kamati: tuchimbe ndiva.

Wapare hawahitaji kufundishwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Pembe ilipigwa alfajiri na kila nyumba ikatoa watu wake. Walichimba siku tatu. Wanaume walibeba mawe, wanawake walikanyaga udongo kwa miguu huku wakiimba, na hata Swalehe alifunga duka, akakunja kanzu mpaka magotini na kuteleza mara mbili mbele ya watu wote. Siku ya nne maji ya kisima yaliingia ndivani. Yakalala. Asubuhi yalikuwa mang'avu kama kioo.

Wiki ya kwanza dumu lilitoa mapipa saba. Watu wakampa Eliakunda mkono barabarani. Wiki ya pili yakarudi sita. Wiki ya tatu matano, na jenereta likawa linaunguruma vibaya kuliko mwanzo.

Ulimi wake ulimwambia kabla ya mapipa. Aliyaonja maji ya ndiva, akatema, akaonja tena. Yalikuwa makali kuliko ya kisima. Alizunguka ukingo akiwa ameinama na kuona mstari mweupe umezunguka bwawa lote, na mbuzi wawili wa jirani wanaulamba kwa raha zao.

Kumbe hivyo. Mhezi kuna ukungu, na ukungu huirudishia ndiva kile jua lilichochukua. Mgungani hakuna wa kurudisha. Jua na upepo vinakunywa maji na kuacha chumvi. Alikuwa ameleta akili ya mlimani, akaitua kwenye jua la tambarare bila kuuliza jua lenyewe linasemaje. Na kijiji kizima kilichimba siku tatu kwa neno lake.

Salama hakumwacha. Alisimama ukingoni na madumu yake matupu na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka dukani, "Mama Agape, asante sana. Umetupatia machimbo. Sasa tutafute magunia tuuze chumvi."

Watu walicheka, na kile kicheko kilikuwa na haki yake. Eliakunda alikwenda akakaa juu ya dumu tupu nyuma ya kibanda, uso umeelekea milimani, na siku ile makande yake yaliungua.

Lakini mtu akikaa na aibu yake muda mrefu, huanza kuiangalia vizuri. Jenereta lilikuwa lile lile. Dizeli ile ile. Mstari mwekundu ule ule. Kitu kimoja tu kilibadilika: chumvi ilizidi, na mashine ikawa nzito. Basi chumvi ikipungua, mashine inapaswa kuwa nyepesi. Na ule mstari mwekundu, aliyeuchora aliuchora kwa ajili ya chumvi kiasi gani?

Alimfuata Swalehe dukani na kumuuliza. Swalehe alisema mstari ni wa bahari, maana mashine ilikuwa ya bahari. Eliakunda akauliza bahari ina chumvi kiasi gani. Nyingi sana, alisema Swalehe, ambaye ana ndugu Pangani na amekwenda huko mara kadhaa.

"Nyingi kiasi gani, mwenyekiti?"

"Mama Agape, bahari ni bahari. Nani ameipima?"

Eliakunda hakuwahi kuiona bahari. Siku ya pili alipanda mpaka barabarani na chupa tupu ya plastiki, akamngoja Abdulmalik, dereva wa lori la tangawizi anayeshuka Tanga kila wiki. Alimwomba amletee maji ya bahari, yajae, na asiyachanganye na kitu. Abdulmalik aliipokea chupa kwa vidole viwili. Alijua maji ya bahari watu huyaagizia nini. Akainamisha kichwa dirishani na kumuuliza polepole, mama, na wewe wa kanisani kabisa, mambo haya tangu lini? Eliakunda akamwambia mgonjwa wake ni mashine.

Wiki ikapita, chupa ikarudi imejaa. Aliingia nayo kibandani na kufunga mlango, maana hakutaka Salama amwone akikosea mara ya pili. Alionja. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Alikaa kidogo, kisha akacheka peke yake, kicheko cha chinichini, cha mtu aliyetishwa na mbwa siku nyingi na leo kamwona ni mdogo.

Halafu akafanya kazi. Alichukua kikombe kimoja cha bahari, akamimina kwenye ndoo. Akaongeza kikombe cha maji matamu ya mashine, akakoroga, akaonja, akasukutua, akaonja ya kisima. Bado. Akaongeza kingine. Alipofika kikombe cha saba ulimi ukawa unasita. Cha nane ukanyamaza. Ndoo na kisima vilikuwa kitu kimoja.

Kwa hiyo kikombe kimoja cha bahari kilitosha kuvifanya vikombe nane vya maji matamu kuwa kama maji ya Mgungani. Na mwaka wa nne huu walikuwa wakiyasukuma maji ya Mgungani kwa nguvu ya bahari. Walikuwa wanatwanga uji kwa mchi.

Alimpigia simu Idrisa. Huyu alikuwa fundi kijana wa Same mjini, anayekuja kuangalia paneli kila baada ya miezi miwili, mwenye pikipiki nyekundu na maneno mengi. Alifika, akavua kofia ngumu, akampa shikamoo yake, na baada ya marahaba akaambiwa amwonyeshe jinsi ya kuishusha ile sindano.

"Mama, huo mstari mimi siugusi," alisema. "Umechorwa na wataalamu."

"Waliuchora wakiwa wapi?"

"Pwani, si ndiyo?"

"Wakiwa wameonja maji gani?"

Eliakunda akampa chupa aonje, kisha kidole cha maji ya kisima. Kijana alitema vyote viwili, akafuta mdomo kwa mkono wa shati na kwenda kwenye pikipiki. Alirudi na kipimo kidogo cha mkononi, kile anachokichovya kwenye maji na kusoma namba za chumvi. Alichovya kwenye chupa. Akachovya kwenye bomba. Akagawanya kwenye simu yake, akagawanya tena. Kisha akamtazama Eliakunda kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama.

"Nane na kidogo," alisema. "Mama, huo ulimi uwekee bima."

Wakakaa chini na kuzungumza mpaka chai ikapoa. Idrisa alieleza kwamba kulegeza koki ya presha peke yake hakusaidii, maana pampu itazidi kusukuma maji mengi kwa kasi, mengi yatatoka upande wa makapi bila kuchujwa, na matamu yatakuwa kidogo. Dizeli itakuwa imesindikiza maji safari tu. Eliakunda alisikiliza, akaulizia upana wa puli ya pampu, lile gurudumu linalovutwa na mkanda. Kwenye mashine ya kusaga, alisema, mahindi yakiwa laini mbio hazihitajiki. Unafunga puli kubwa, jiwe linazunguka taratibu, injini haichoki, na unga unatoka ule ule. Kwa nini pampu isizunguke taratibu? Isukume kidogo kidogo, lakini isukume kutwa. Hata ndiva haijazi kwa haraka. Inajaza kwa sababu kijito hakilali.

Idrisa alikwenda kwenye pampu, akaipima puli kwa viganja. Kisha akasema puli kubwa ya namna hiyo itabidi itafutwe Moshi.

Eliakunda akasimama. Akamwongoza mpaka kwenye kibanda cha zamani cha mashine ya kusaga, akasogeza mabati mawili, na pale chini, imeshika kutu pembeni lakini nzima, palikuwa na puli aliyoizungusha miaka tisa.

Likabaki la kamati. Swalehe alisikiliza yote, na alipomaliza kusikiliza aliishika ile barua mfukoni kama mtu anayeshika jino linalouma. Maagizo yalisema sindano isipungue. Chujio likiharibika hakuna pa kupata jingine, na jina litakalotajwa ni la mwenyekiti. Tena, alisema bila kumtazama usoni, hili la ndiva watu hawajalisahau.

"Ikiharibika?" aliuliza.

"Ikiharibika wataichukua," alisema Eliakunda. "Na tukiiacha hivi hivi wataichukua pia. Mimi nimekosea mara moja, mwenyekiti, na nilikosea kwa sababu sikuonja kwanza. Safari hii nimeonja."

Swalehe aliangalia nje, kwenye foleni ya madumu. "Bismillahi," alisema. "Fungeni."

Walifunga puli Jumatano. Maji hawakuyalaza tena kwenye ndiva. Waliyalaza kwenye simtanki jeusi lenye mfuniko, ili tope lishuke na jua lisiibe kitu. Idrisa alisema hapo kuna faida ya ziada, maana tanki jeusi litayapasha maji moto kidogo, na maji ya vuguvugu hupita kwenye chujio kwa wepesi. Eliakunda alifurahi kusikia kwamba safari hii jua nalo limepewa kazi.

Aliwasha. Idrisa akalegeza koki, sindano ikaanza kushuka. Ikauacha mstari mwekundu, ikapita nusu, ikaendelea. Watu waliokuwa mlangoni walivuta pumzi kama waliomwona mtoto ukingoni mwa paa. Sindano ikasimama. Na jenereta, lile lililounguruma miaka yote mpaka mtu akizungumza nalo apige kelele, likawa linavuma tu, kama mtu anayeimba akifua.

Maji matamu yakatoka. Membamba, kama uzi wa kushonea gunia. Salama aliuangalia ule uzi, akaliangalia dumu lake. Akasema atalisubiri, na likijaa aitwe mjukuu wake alichukue kwenye harusi yake.

Eliakunda hakumgeukia. Alikinga kidole, akaonja. Hapakuwa na chumvi. Akaonja tena baada ya saa moja, na baada ya nyingine. Idrisa naye alichovya kipimo chake na kutikisa kichwa kukubali. Uzi haukukatika. Saa sita ya mchana pipa la kwanza lilijaa, na mengine yakafuata, na jioni walipozima kwa ajili ya kufunga kibanda, dumu la dizeli lilikuwa halijafika hata nusu. Kesho yake likaendelea. Siku ya tatu, watu walikuwa wameacha shughuli zao na kukaa kivulini mwa kibanda wakisubiri jenereta lishtuke kwa kukosa dizeli, kama wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Lilishtuka saa nane na nusu. Wakayahesabu mapipa pamoja kwa sauti. Yalikuwa kumi na matatu, na la kumi na nne lina maji mpaka kiunoni.

Swalehe alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Salama alikwenda mpaka mbele ya Eliakunda, akasimama pale mikono kiunoni.

"Haya," alisema. "Machimbo nimeyafuta."

Lakini Idrisa alikuwa bado anaangalia juu ya paa. Mashine ikiwa nyepesi namna ile, alisema, labda na ile inveta iulizwe tena. Akapanda, akashuka, akaunganisha nyaya. Eliakunda alizima jenereta kwa mkono wake. Kibanda kikawa kimya kabisa, mpaka wakasikia njiwa juu ya bati. Kisha mota ikaanza kuzunguka, kwa jua tupu, na inveta haikulia.

Wiki mbili kabla ya vuli watu wa shirika walikuja na vipimo vyao. Walipima, wakaandika, wakapima tena wakidhani wamekosea. Mama mmoja kati yao mwenye miwani aliuliza ni mhandisi gani aliyepiga hesabu zile. Swalehe alimshika Eliakunda kiwiko na kumsogeza mbele, na kwa mara ya kwanza tangu awe mwenyekiti alisahau taratibu yake. "Huyu hapa," alisema. "Ametoka Mhezi. Amepima bahari kwa kikombe."

Mashine haikwenda popote. Mstari mwekundu ulikwanguliwa kwa wembe, na Eliakunda akaombwa achore mpya. Rangi haikuwepo. Salama alitia mkono kifuani, akatoa kichupa cha rangi ya kucha, ya zambarau, na kumkabidhi bila utani. Mstari wa Mgungani ukawa wa zambarau, na mpaka leo mgeni akiuliza kwa nini, anaambiwa ndiyo rangi ya maji ya hapa.

Sasa kazi ya jenereta ikawa haipo. Shirika lilisema litalichukua liende kwenye zahanati moja kando ya Ziwa Jipe isiyo na umeme. Kamati ilitaka Eliakunda abaki, apewe kiti na cheo cha msimamizi, na Swalehe alikuwa ameshanunua doti ya kanga ya kumtunza mbele ya mkutano. Yeye alishukuru. Lakini msimamizi wa nini, aliuliza, jua linajisimamia lenyewe. Kwa wiki nzima alimfundisha Salama kuonja. Salama alimeza mara tatu kwa bahati mbaya na kulalamika sana, ila siku ya tano alisema, bila kuulizwa, kwamba leo maji ya kisima yamezidi kidogo. Kipimo cha Idrisa kikasema ni kweli.

Jioni ile Eliakunda alimpigia Aminieli simu. Alimuuliza mawe ya ukuta bado yapo au watu wameyachukua kujengea. Yapo, alisema kaka yake. Akamwambia apige pembe Jumamosi.

Ijumaa alifika kibandani kabla ya mtu yeyote isipokuwa Salama. Alifungua koki ndogo, akakinga matone mawili, akaonja, akatema kushoto. Akafunga koki. Aliusogelea mwili wa jenereta, uliokuwa umefungwa kamba tayari kwa safari, akaupiga kofi jepesi ubavuni kama unavyompiga ng'ombe aliyemaliza kulima. Jua lilikuwa limeanza kugusa paneli, na mota iliamka yenyewe, bila mtu kuivuta.

Akatundika ufunguo kwenye msumari.

"Mstari wa zambarau," alimwambia Salama. "Na uonje kwanza."

"Nimesikia, bibi wa bahari," alisema Salama, akilisogeza dumu lake ili likae sawa chini ya bomba. "Nenda kanywe chai, mimi nipo."

Eliakunda alitoka. Alipita kando ya ndiva yao ya siku tatu, iliyokauka, mbuzi wakiwa ndani wanalamba. Hakuinamisha kichwa. Mabinti waliokuwa wanakuja na ndoo walimpa shikamoo, akaitikia, wala hakusimama. Alikuwa na kikapu kimoja, na ndani yake, kati ya nguo, ilikuwemo ile chupa ya bahari, imebaki nusu, maana Mhezi wapo watu wasioijua.

Salama alidhani amekwenda chai kweli. Dumu la kwanza lilipojaa aliita, na aliponyamaziwa alitoka nje, mkono juu ya macho. Kanga ya Eliakunda ilikuwa imeshavuka barabara kuu, inapanda.